Fungu la 500 halipandi bei, linapungua

Mvua zikizidi Arusha, watu huulizia soko la Kilombero: tenga la nyanya limefika ngapi? Lakini mkazi wa Muriet au Unga Limited hanunui tenga, wala kilo. Ananunua fungu la 500 gengeni. Jana lilikuwa na nyanya tano, leo tatu, moja imegeuziwa chini kuficha kidonda. Bei haijatajwa kupanda popote, ila kila nyanya imetoka 100 hadi karibu 167.

Mwenye genge hana hila. Chukulia tenga limemfikia kwa 30,000, nauli ikiwemo. Robo ikioza, zilizobaki zinabeba 30,000 ileile, kana kwamba alinunua tenga zima kwa 40,000. Na hapo mkulima hajaongeza hata shilingi. Njia ya kutoka mashamba ya Ngarenanyuki ikiharibika fuso inalala njiani. Nyanya za chini zinasagwa na uzito wa za juu, maji yake yanaozesha za jirani. Shambani nako dawa ya ukungu inaoshwa na mvua kabla haijakauka, inabidi kupiga upya. Gharama zinapanda, mavuno yanashuka.

Unga huchelewa kupanda kwa kuwa mahindi yapo ghalani. Ila mahindi yaliyohifadhiwa kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13 huota ukungu, na sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu huo, inaweza kuingia. Upungufu wa mahindi hayo yaliyoharibika hufika dukani miezi kadhaa baadaye, na hakuna tena anayeuhusisha na mvua. Wakati huohuo saiti za ujenzi zimesimama, kibarua hana ujira. Mwenye akiba alishaweka gunia ndani; kibarua anapimiwa robo kilo, na ukipiga hesabu kwa kilo, robo ndiyo ghali kuliko zote.

Kwa maoni yangu, takwimu za bei za jumla haziwezi kuonyesha njaa ya mtaa. Serikali ya mtaa ipeleke mizani gengeni kila wiki, ipime fungu lenyewe. Likiwa na gramu 400, kilo ni 1,250. Wiki ijayo likiwa na gramu 250, kilo ni 2,000. Hapo ndipo msaada uanze, bila kusubiri nyumba zisombwe. Na makalavati ya njia za mashambani yazibuliwe Februari, kabla ya masika ya Machi. Aprili, wakati tope limeshajaa, greda lenyewe linakwama.