Mkonga Wangu na Madaktari Wake

Jamani, nina Land Cruiser mkonga, ya injini ya dizeli ya 1HZ: silinda sita, cc 4164, haina kompyuta hata ya kuhesabia chenji. Nililinunua kwa sababu hiyo hiyo. Nikaambiwa hili likigoma, spana mbili tu linaamka. Hawakuniambia spana za nani.

Ugonjwa wake ni wa kinafiki. Asubuhi linawaka mara moja, sailensa imetulia. Linakwenda kilomita 30, 40, halafu linaishiwa nguvu, linamisi, linakata. Ukikaa pembeni robo saa ukilitukana, linawaka tena kana kwamba si lenyewe. Ukilifikisha gereji ndiyo kabisa, linaunguruma kama jipya, unaonekana wewe ndiye mgonjwa.

Fundi wa kwanza hata boneti hakufungua. "Bosi, hizo nozeli." Ndizo zinazonyunyizia dizeli ndani ya silinda. Zipo sita, naye akazitaka zote sita, utadhani anaoa ukoo mzima. Nikauliza kwa upole: si injini ikiwa inaunguruma unalegeza nati ya bomba la kila nozeli, moja moja, na ukilegeza mlio usibadilike umeshampata mvivu? Akanitazama juu mpaka chini. "Bosi, kati yetu fundi nani?"

Nikanunua sita. Kilomita 40, likakata.

Wa pili akasema pampu ya dizeli. Ikashushwa, ikapanda basi kwenda Dar kupimwa, ikakaa wiki mbili kama iko likizo. Ikarudi na bili na maneno haya: "Ilikuwa nzima, ila tumeisafisha." Yaani nimelipia pampu kuoga.

Wa tatu angalau aligusa kitu. Alibonyeza ile pampu ya mkono juu ya filta, ikazama, ikagoma kupanda. "Linavuta hewa," akasema, akabadilisha mipira na klampu zote. Sasa mimi si fundi, lakini kitu kikibonyezwa kikanywea, hakijapata hewa, kimenyimwa mafuta! Nikanyamaza. Nilishaulizwa fundi nani.

Tukaja kwenye safari ya Iringa, na baba mkwe kiti cha mbele. Mikumi tukajaza mafuta. Nilipofungua tenki likapiga mluzi. Mzee akageuka, "Mwanangu, mbona hilo limevuta pumzi?" Nikamjibu, "Baba, hiyo kawaida ya dizeli." Mdomo huu!

Lilikata mara mbili kabla ya Ruaha Mbuyuni, ambako nilipakia magunia manne ya vitunguu. Mara ya tatu likakata katikati ya mlima Kitonga, kwenye kona, nyuma yangu lori linapiga honi hadi vitunguu vinalia. Nimeshaingiza kichwa kwenye boneti, natafuta cha kulaumu. Baba mkwe akashuka na fimbo yake, akaomba funguo ya tenki, akafungua.

Fyuuuuuuu! Mluzi wa kutosha kumsalimia jirani na kumuulizia watoto.

"Washa," akasema.

Likawaka.

Kumbe mafuta yakitoka kwenye tenki, lazima hewa iingie kushika nafasi yake, la sivyo tenki linajinyonya lenyewe mpaka pampu inashindwa kuvuta. Na likiwa limejaa ndiyo hukata mapema, maana nafasi ya hewa ni ndogo. Mfuniko wa awali uliibiwa, nikanunua wa bei ya kutupa, umeziba kama chupa ya asali. Njia nyingine ya hewa ni mpira wa kupumulia, na humo nyigu alishajenga, tena nyumba ya udongo mzuri kuliko ule wa uzio wangu.

Kinachoniuma ni kwamba kuna kipimo cha bure. Unaweka dumu la lita 5 la dizeli karibu na injini, unalinyonyesha gari humo kwa mpira, unaliendesha. Lisipokata, ugonjwa uko nyuma, kati ya tenki na filta, na nozeli zako unaziacha zilale. Lakini dumu halina faida ya kuuza.

Nilimpigia yule wa nozeli. "Eeh bosi, na mimi nilikuwa naelekea huko huko."

Baba mkwe hakudai hela. Alidai gunia moja la vitunguu, na akachagua mwenyewe: lile la chini kabisa.