Mnyororo wa eskaveta usichongwe kipande kimoja

Unakutana na modeli ya eskaveta ya mbao, mkono unakunjuka na kukunjika, ndoo ina meno, kibanda cha dereva kina kiti na vishikio. Ukitazama chini, mnyororo ni ubao mmoja uliochorwa mistari. Inauma! Mashine hii inatembea kwa mnyororo, na fundi aliyeweza ule mkono anauweza na mnyororo.

Eskaveta ya tani 20 huwa na viungo kati ya 45 na 50 kila upande. Kwa skeli ya 1:16, pini hadi pini ni milimita 12 hivi. Ni vipande karibu 100, sikatai, vinachosha. Ila kinachowaangusha wengi ni vipimo. Ukizidisha milimita 0.2 tu kwa kila kiungo, viungo 49 vinarefuka kwa karibu milimita 10, na meno ya gurudumu la kuendeshea yanapanda juu ya pini badala ya kuingia. Kwa hiyo usipime kimoja kimoja. Tengeneza kiolezo cha chuma chenye matundu mawili, ubane kila kipande humo, utoboe kwa keekee ya kusimama.

Nyuzi za mbao zielekee pini hadi pini. Zikikatiza, sikio, yaani ile ncha ya kiungo yenye tundu la pini, linapasuka kando ya tundu mara tu mnyororo unapovutwa. Tumia mbao ngumu, nyuzi zilizobanana, msonobari uache. Kwa pini ya shaba ya milimita 2, masikio ya nje yatobolewe 2 kamili yaishike, la katikati 2.2 lizunguke. Gundi ni tone moja kwenye ncha za nje tu. Ikipenya katikati, kiungo hicho kimekufa. Vanishi nayo ipakwe kabla ya kuunganisha, matundu yakiwa yamezibwa kwa vijiti.

Kwa modeli ya kukaa kabatini bila kuguswa, haya, kipande kimoja kinavumilika. Kwa nyingine, mnyororo kwanza, rangi na taa zitasubiri.

Gurudumu la mbele liachie nafasi ya kusogea milimita 5, kama lilivyo kwenye mashine yenyewe, upate kukaza na kulegeza. Usikaze mno. Upande wa juu ulegee kidogo, ulalie vigurudumu vya kubebea. Hapo ndipo mbao inaanza kuonekana ina uzito wa chuma. Kisha isukume taratibu juu ya meza. Kiungo kinachobaki kimeinuka baada ya kupita kwenye gurudumu kina tundu linalobana, kipitishe tena biti ya 2.2.