Mwizi wa Akaunti Yangu Mwenyewe

Nilitaka kuangalia bili ya maji tu. Natanguliza maelezo hayo kwa sababu, kwa jinsi nilivyopokelewa mlangoni, mtu angedhani nimekuja na nyundo na tochi kuvunja hazina.

Nenosiri langu lilikuwa limekwisha muda wake kwa mara nyingine. Ni lile lile nililolibuni miaka mingi iliyopita, ambalo kila ninapodaiwa kulibadilisha huongeza namba ya mwisho kwa moja, na sasa limefika 31. Huo ndio usalama wangu, na sidhani kama wezi hawajui kuhesabu. Kinachoniuma ni kwamba mtindo huu wa kubadilisha kila baada ya miezi michache ulienezwa na mwongozo wa Marekani wa mwaka 2003, ambao mwandishi wake alikiri mwaka 2017 kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyashauri, kwa kuwa watu walikuwa wakifanya hivi hivi nifanyavyo mimi. Mwaka huo huo mwongozo ukarekebishwa. Mwenyewe ameshajuta, mwongozo umesharekebishwa, na mimi nimeandika 32.

Baada ya hapo nikatakiwa kuweka namba ya uthibitisho, inayozaliwa ndani ya simu na kufa baada ya sekunde 30. Kumi huishia kutafuta miwani, ambayo aghalabu iko kichwani, kumi nyingine kusoma tarakimu sita, na zilizobaki kusahau tarakimu tatu za mwisho nikiwa njiani kati ya simu na kompyuta. Mara ya tatu nilizisoma kwa sauti, moja moja, kama mtangazaji wa bahati nasibu, hadi binti yangu akauliza kutoka chumba cha pili, "Baba, hizo si ndizo namba za siri?"

Binti huyo huyo ndiye anayenihimiza nihamie kwenye ufunguo wa siri, teknolojia inayoondoa nenosiri kabisa: kifaa chako hutunza ufunguo mmoja, tovuti hupewa mwenzake wa hadharani, nawe hutoa kidole tu. Nilikubali. Kidole chenyewe, hata hivyo, kilikuwa kimetoka kuosha vyombo, kimekunjamana kama gazeti lililolowa, na simu ikasema haikitambui. Kidole hiki nimekuwa nacho tangu kuzaliwa. Simu nimekuwa nayo miezi minane. Nikajaribu uso, nao ukakataliwa, pengine kwa sababu siku ya kuusajili haukuwa na hasira hii.

Kisha nikaombwa kuthibitisha kwamba mimi si roboti, na aliyeomba ni roboti. Zamani angalau mafumbo haya yalikuwa na kazi, maana yale maneno yaliyopindapinda tuliyokuwa tukiyaandika yalisaidia kuingiza vitabu vya kale kwenye kompyuta. Tuliifundisha mashine kusoma, bila malipo, na leo imeajiriwa kuwa msimamizi wa mtihani wetu. Nilichagua picha zote zenye baiskeli, nikafeli, na akaunti ikafungwa kwa muda kutokana na "shughuli zisizo za kawaida".

Nilipokuwa nasubiri ifunguliwe, nilijifariji kwa historia. Tarehe 29 Oktoba 1969, ujumbe wa kwanza wa mtandao wa ARPANET, mzazi wa intaneti, ulitumwa kutoka chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, kwenda taasisi ya utafiti ya Stanford. Walikusudia kuandika LOGIN, agizo la kuingia, lakini mfumo ukaanguka baada ya herufi mbili, L na O. Kumbe mambo haya yalianza na mtu aliyeshindwa kuingia, nami ninaendeleza mila.

Tofauti ni kwamba wenzangu wale waliingia baada ya kama saa moja. Mimi nilianza kabla jua halijazama, na sasa mke wangu ameshazima taa za nje, amepita nyuma ya kiti changu, ameuliza kwa upole kama mita ya maji imeondolewa pale ukutani, na amekwenda kulala.