Chembe za kaboni: tuache kuhesabu majani, tuanze kusafisha

Juisi ya machungwa ikifungiwa ndani ya chombo cha chuma chenye ukuta wa Tefloni, ikapashwa joto la nyuzi 120 kwa saa mbili na nusu, sukari na asidi zake hupoteza maji, huungana, na kuacha chembe za kaboni zisizofika hata nanomita 10 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Ukizimulika kwa taa ya urujuanimno, zinang'aa, na ndiyo maana hutiwa kwenye seli hai ili zionekane chini ya hadubini. Watafiti wa India waliichapisha njia hiyo mwaka 2012, na tangu hapo wengine wamejaribu maganda, mbegu, majani, hata nywele.

Naipenda kazi hii, na sababu ni nzito. Kwanta doti, yaani chembe ndogo mno zinazong'aa zilizotangulia kutumika kwa kazi hiyo, nyingi kati ya zile zinazong'aa vizuri zaidi zina metali ya kadimi, na kadimi ikivuja ndani ya seli ni sumu. Kaboni haina tatizo hilo, inapatikana kwa wingi, na inachanganyika na maji bila taabu. Lakini nadhani tumeshatosheka na orodha ya mimea. Jani jipya siku hizi halitufundishi kitu. Swali ninaloona linakwepwa ni hili: ndani ya ule mchanganyiko uliotoka kwenye tanuri, hasa kinachong'aa ni nini?

Chukua majani mabichi yaliyopikwa kwenye alkoholi. Mwandishi anatangaza chembe zinazotoa mwanga mwekundu, kilele chake karibu nanomita 670. Huo ndio mwanga wa klorofili, ile rangi ya kijani ya majani! Jani lingeutoa hata bila kupikwa. Tunda nalo lina asidi ya sitriki na asidi amino, na imeshaonyeshwa kwamba asidi ya sitriki ikipikwa pamoja na amini (kemikali za jamii ya asidi amino, zenye nitrojeni) huzaa molekuli ndogo zenye mwanga mkali wa buluu. Molekuli hizo si chembe. Huingia kwenye seli kwa njia nyingine na hutoka mwilini kwa njia nyingine, kwa hiyo picha nzuri ya hadubini inaweza kuwa inasimulia habari za kitu kisichotajwa popote katika makala.

Wengi hujitetea kwamba wamechuja. Chujio linalotumika sana lina vitundu vya mikromita 0.22, yaani nanomita 220. Hapo chembe inapita, molekuli inapita, klorofili inapita. Kinachobaki ni masizi makubwa tu. Kazi ya kweli inafanywa na dayalisisi: mchanganyiko unatiwa kwenye mfuko wa utando, mfuko unazamishwa kwenye maji safi, maji yanabadilishwa tena na tena, siku hata mbili tatu; molekuli ndogo hupenya utando na kutoka, chembe hubaki mfukoni. Na yale maji ya nje yasimwagwe kabla ya kumulikwa. Yakiwa yanang'aa kuliko kilichobaki mfukoni, basi mwanga uliokuwa unasifiwa umeshatoka nje.

Inaniuma zaidi nikikumbuka fani hii ilizaliwa kwenye usafishaji. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha South Carolina walikuwa wakisafisha mirija nano ya kaboni kwa umeme, na katika kutenganisha tabaka ndipo walipoona vipande vinavyotoa mwanga. Wangeridhika na mchanganyiko mzima, wasingeviona.

Kuna na suala la rangi. Chembe nyingi za mimea hung'aa buluu, na seli yenyewe ina NADH, molekuli yake ya asili, inayotoa mwanga wa buluu ikimulikwa kwa urujuanimno, mionzi ambayo pia huiumiza. Ndiyo maana juhudi ziende kwenye mwekundu na infraredi ya karibu (mwanga usioonekana unaofuata baada ya mwekundu), ambako mwanga hupenya tishu vizuri zaidi, ila uwe mwekundu wa chembe kweli.

Neno “asilia” nalo lisitumike kama cheti cha usalama. Kilichotoka kwenye joto lile si tunda tena, kipimwe upya kama kemikali nyingine yoyote. Wahariri wa majarida wangeweza kubadilisha mengi kwa sharti moja: kila makala ionyeshe mwanga wa maji ya nje ya mfuko kando ya mwanga wa ndani, na picha za seli zilizowekewa kila kimojawapo.