Kimara haiponi kwa kuongeza mabasi tu

Msongamano wa Kimara, kituo cha mwisho cha mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam kwenye Barabara ya Morogoro, huelezwa kwa sababu moja: mabasi hayatoshi. Ni kweli hayatoshi. Lakini hata mapya yakiletwa kesho, kituo kisipobadili namna ya kushusha na kupakia, yatakwama palepale.

Tupige hesabu. Tuchukulie Kimara hadi Kivukoni, mjini, kwenda na kurudi, ni dakika 100 pamoja na muda wa basi kugeuka. Kwa mabasi 50, moja linaondoka Kimara kila dakika 2, yaani 30 kwa saa. Kila basi likipoteza dakika 10 zaidi kituoni, mzunguko unafika dakika 110 na mabasi yaleyale yanatoa safari 27. Zile 3 zilizopungua, kwa basi refu la mita 18 linalobeba watu kama 150, ni abiria 450 wanaobaki kituoni kila saa, na hakuna basi lililoharibika.

Dakika hizo zinaliwa mlangoni. Anayeshuka na anayepanda wanagombea upenyo mmoja. Wa nje hapishi, kwa kuwa akipisha amekosa siti. Kisha kuna kugeuza: abiria wa Korogwe au Bucha, vituo vinavyofuata kuelekea mjini, anapanda basi linaloelekea Kimara, anabaki kitini, anarudi nalo mjini. Mimi simlaumu. Basi likishajaa Kimara, likifika kwake hata mguu hauingii. Ila aliyepanga mstari tangu alfajiri akiona siti zimeshakaliwa, ataacha mstari na kusukuma.

Dawa ni kutenganisha jukwaa la kushusha na la kupakia, hata kwa mita 40 tu, basi lifike la pili likiwa tupu. Jukwaa la kupakia ligawanywe kwa safari, za vituo vya Kivukoni, Gerezani na Morocco, kila moja na mabomba ya chuma ya kupangia mstari, yanayoishia pale mlango unapotua. Hapo dereva hana budi kusimama kwenye alama ileile kila mara, sentimita chache kutoka ukingoni. Akiacha pengo, mzee anasita, mama mwenye mtoto anasita, na nyuma yao mlango mzima umesimama.

Wa Korogwe je? Kugeuza hakuwezi kupigwa marufuku bila kumpa mtu njia nyingine. Kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, katika kila mabasi matano, moja litoke Kimara tupu likaanze kupakia Korogwe, na lingine likaanzie Ubungo. Watu wa Kimara watalalamika wakiona gari tupu linawapita, na ni haki yao kutangaziwa kwa kipaza sauti linakwenda wapi na lao linakuja baada ya dakika ngapi. Ukimya ndio unaovunja mistari.

Tiketi ni jambo dogo: ya asubuhi iuzwe tangu jioni, chenji isitafutwe dirishani saa 12.

Dereva naye anahitaji choo, maji na kupumzika, na mara nyingi basi zima humsubiri. Awepo wa kumpokea: anayefika anashuka, mwenzake aliyekwisha kupumzika anashika usukani, basi linasogea kupakia. Madereva wawili au watatu wa ziada kwa zamu ya asubuhi wanatosha kuanzia.