Kabla ya kuhesabu miti, tazama magome

Mti wenye mabaka ya kijivu na kijani kwenye gome hushukiwa upesi. Wengi hudhani unaumwa, na wapo wanaoshika brashi ya waya wakausugua mpaka gome likachubuka. Mabaka hayo ni kuvumwani, au likeni kama wengine wasemavyo, na mti hauna ugomvi nazo. Hazina mizizi ya kunyonya utomvu. Zimekalia gome tu. Riziki yao inatoka kwenye mwanga, hewa na maji ya mvua. Ukizikuta zimejazana kwenye tawi linalokufa, ni kwa sababu majani yamepukutika na jua limepata njia. Hazikuliua tawi.

Kwangu mimi hakuna kitu kizuri zaidi msituni, ingawa najua maua yana mashabiki wengi kuliko hizi. Uzuri wake unadai uinamie. Chukua kioo kidogo cha kukuzia, kile cha mara kumi, kiweke karibu kabisa na jicho, kisha sogeza uso mpaka pua ikaribie gome. Kilichoonekana kwa mbali kama tone la chokaa kina nyufa, vijito, na visahani vyeusi vyenye ukingo mweupe. Humo ndimo kuvu inamozalishia spora zake, chembe ndogo inazoenezea uzao. Hiyo ni ile jamii iliyogandamana na gome kiasi kwamba huwezi kuibandua. Nyingine zina ncha zilizoinuka kama majani yaliyojikunja. Nyingine hazitaki kulala kabisa: Cladonia husimamisha vikombe vidogo kwenye visiki vinavyooza, baadhi vikiwa na nundu nyekundu mdomoni, na Usnea huning'inia matawini kama ndevu. Uvute unywele wa Usnea taratibu kwa vidole viwili: ngozi ya nje itakatika, na ndani utaona uzi mweupe unaovutika.

Nenda baada ya mvua, wakati wengine wamejifungia ndani. Kuvumwani haina namna ya kujiwekea maji. Hewa ikikauka nayo inakauka, na shughuli zote za uhai husimama hadi maji yarudi. Ikilowa, tabaka lake la juu huwa angavu na kijani cha mwani ulio chini yake, vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, hujitokeza, nawe utaona rangi ikibadilika ukiwa umesimama palepale.

Maana kuvumwani si kiumbe kimoja. Ni kuvu iliyozungushia nyuzi zake seli za mwani, au bakteria wanaotumia mwanga wa jua, au wote pamoja. Mtaalamu wa mimea wa Uswisi, Simon Schwendener, alitangaza jambo hilo miaka ya 1860 na wakubwa wa fani hiyo wakamkataa. William Nylander, aliyezijua kuvumwani kuliko karibu mtu yeyote wa zama zake, hakukubali kamwe. Mwaka 2016 watafiti, Toby Spribille akiwa miongoni mwao, wakaonyesha kwamba kwenye ngozi ya nyingi kati yake kuna kuvu nyingine tena, ya aina ya hamira, ambayo ilikuwa imepita machoni pa wataalamu kwa karne na nusu.

Mara nyingi tunasimuliwa mpango huu kama urafiki wa kupigiwa mfano. Mimi sina hakika. Kuvu humjengea mwani nyumba, ndiyo, lakini kodi anayomtoza ni nzito: sehemu kubwa ya sukari anayotengeneza. Mwani wa aina nyingi anaweza kuishi peke yake. Kuvu yenyewe huko porini ni nadra kuikuta bila mpangaji. Naona ni makubaliano yenye mvutano ndani yake, na sioni kwa nini hilo lipunguze furaha yetu.

Nylander huyohuyo, aliyekosea kwa Schwendener, aliona jambo jingine kabla ya wengi. Mwaka 1866 aliandika kwamba katika bustani ya Luxembourg, Paris, kulikuwa na kuvumwani ambazo sehemu nyingine za jiji hazikuwa nazo, akaihusisha tofauti hiyo na usafi wa hewa. Alikuwa sahihi. Zinanyonya kilichomo hewani kwa mwili mzima bila kuchagua, na gesi ya salfa itokayo kwenye makaa ya mawe huziua. Ajabu ni kwamba mwaka 2005 aina mbili ziliachwa wazi angani, nje kabisa ya dunia, kwa takriban wiki mbili, nazo zikarudi hai.

Lakini kuzisifu kwa sababu ni kipimo cha moshi tu ni kuzipunja. Mimi nazisoma kama umri wa msitu. Zile zilizogandamana na gome mara nyingi hukua chini ya milimita 1 kwa mwaka. Kuna kuvumwani iitwayo Lobaria pulmonaria, pana na yenye mabonde kama pafu, ambayo ikilowa hung'aa kijani. Ndani yake wamo bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani, na vipande vyake vikidondoka vinarutubisha udongo. Inasambaa polepole mno, kwa hiyo ukiikuta mahali, kwa kawaida miti imekuwepo hapo mfululizo kwa muda mrefu sana.

Ndiyo maana hesabu za miche hazinitulizi. Anayekata msitu mkongwe na kupanda miche mara kumi ya miti aliyoangusha, atasema amelipa na ziada. Amelipa miti. Magome ya miche ni laini, na kuvumwani za magome mazee hazina pa kushika wala pa kutokea, kwa kuwa miti iliyozibeba imeshapasuliwa mbao. Kama lazima kukata, basi miti mikongwe iachwe katikati, hata ile iliyopinda isiyo na thamani sokoni, ili iwe chanzo cha kuvumwani kwa miti mingine. Na wa kuichagua asiwe mwenye msumeno peke yake. Apite kwanza mtu mwenye kioo cha kukuzia, aitie alama isiyofutika.