Sikuwa Uchi, Nilikuwa na Boksa

Naona habari yangu imefika mpaka Likoni. Leo kondakta wa matatu ananirudishia chenji huku ananikodolea macho, mara anauliza, "Wewe si yule fundi anayepasua mbao uchi?" Mbele ya abiria. Kwa hivyo wacha niseme mwenyewe, maana Ripota (si jina lake, lakini Kisauni nzima wamjua) ameshatoa voisi noti ndefu kwenye grupu ya mtaa na humo ndani ukweli umepita mbio, haukukaa. Sikuwa uchi. Nilikuwa na boksa. Tuelewane hapo kwanza.

Wanaonijua wajua karakana yangu ni chumba kimoja, mlango umeangalia uchochoro, ng'ambo ya uchochoro kuna baraza ya wazee wa dhumna, na kando ya baraza bi mkubwa wetu anakaanga viazi karai kuanzia alasiri. Hiyo ramani ikae kichwani, mtaihitaji. Siku zote mbao zangu napasua kwa msumeno wa mkono ama nabeba napeleka kwa jamaa mwenye mashine, napanga foleni, halafu napasuliwa kwa kipimo atakacho yeye. Nikasema yakhe basi, na mie nitafute msumeno wa meza wangu mwenyewe niwe mtu.

Kuchagua kwenyewe kulinitoa jasho. Ami yangu, fundi wa milango wa zamani, yeye akashikilia ninunue hizi za kuchomelewa hapa hapa jua kali, meza ya chuma, mota, mkanda, bledi imechomoza juu, basi, hakuna mambo mengi, na hazifi. Akaninyooshea kidole upande zinakouzwa. Alininyooshea kwa mkono wa kushoto kwa sababu kidole hicho kwenye mkono wa kulia hakipo, kilibaki kwenye mashine ya aina ile ile anayonisifia. Nikamwambia inshallah ami, nitafikiria.

Kisha nikapata moja yuzdi imetoka Marekani, kubwa, safi, bei mpaka unajiuliza kuna nini. Nikainama nikasoma kibati cha mota: volti 120, hezi 60. Hapa kwetu stima ni volti 240, hezi 50. Namuuliza muuzaji, ananijibu bila wasiwasi, "Hiyo si shida kaka, twakata hiyo plagi twaweka ya pini tatu." Hivi plagi ndiyo itakayopunguza volti? Ile ningeiwasha ingetoa moshi tukaagana hapo hapo. Inataka transfoma, na transfoma ya kuhimili mota kama ile nayo ni pesa nyingine, kwa hivyo ile bei ya kuchekesha ikawa haichekeshi tena.

Ingine ilikuwa ya chuma cha kusubu, hiyo wallahi niliipenda, meza yake huisogezi hata uegemee na ukoo wako wote, lakini yataka stima ya fezi tatu. Mie hii fezi yangu moja nagawana na saluni ya jirani, akiwasha bloudraya taa zangu zakonyeza.

Mwisho nikachukua hizi za kubebeka, mpya, bledi ya inchi 10, wati 1800, ya stima yetu. Si mbaya, msije mkasema nimedharau. Kelele yake ndiyo balaa, mota zile ndogo za brashi zapiga ukelele hata mtu wa mtaa wa pili ajua leo fundi ana kazi. Nikaipakia tuktuk, nikavuka daraja la Nyali nimeikumbatia, dereva akaniuliza kama ni televisheni nikamwambia ndiyo, sikuwa na nguvu za kueleza.

Kuifunga nilisaidiwa na huyo huyo Ripota. Yeye ni fundi wa AC, na fundi wa AC akishaona skrubu ashajua kila kitu. Kitabu cha maelekezo alikitandika chini akakalia. Tulipomaliza pakabaki vitu viwili mezani, kifuniko cha plastiki na kipande cha chuma chembamba kilichopinda. Nikamuuliza hivi ni vya wapi. Akavigeuza geuza, akasema, "Hivi ni vya urembo. Hiyo plastiki yenyewe itakuziba usione bledi. Tia kwenye droo." Nikatia kwenye droo. Msicheke bado.

Sasa siku yenyewe. Jua la kaskazi mwalijua, upepo umekufa, bati la karakana lachoma kichwa, hakuna mwanamume wa Mombasa anayevaa suruali saa kumi ya jua lile kama hakuna anayemlazimisha. Nilikuwa na kikoi. Kikoi kizuri, cha Biashara Street, nimekikunja kiunoni kile kikunjo cha kawaida, bila mshipi. Ndani, kwa sababu sikutarajia wageni, nilikuwa na boksa ambayo mke wangu aliniletea kwenye mtumba, nyeupe, ina michoro ya midomo myekundu. Midomo ya kubusu. Imejaa kote. Ripota kwenye voisi noti hakuitaja hiyo boksa hata kidogo, na hapo ndipo kidogo nashukuru.

Ubao ulikuwa mwarobaini, futi nne, nataka kuupasua kwa urefu nipate vipande vya fremu. Ile reli ya pembeni inayoongoza ubao niliipima kwa futi kutoka kwenye bledi, inchi tatu barabara, nikaikaza. Nilipima mbele. Nyuma sikupima, kwani reli si moja na imenyooka?

Nikawasha. Ule ukelele. Wazee barazani wakanyamaza, ami akageuka na kete mkononi, na mie nikajua naangaliwa, nikatanua kifua, nikasimama katikati kabisa, nyuma ya bledi, nyuma ya ubao, nikaanza kusukuma. Aaah. Vumbi latoka, ile harufu chungu ya mwarobaini yajaa chumba, ubao waingia wenyewe, nasema moyoni kumbe maisha yalikuwa hapa siku zote hizi. Robo imepita. Nusu imepita. Ndipo sauti ikabadilika. Ule ukelele ukashuka ukawa mngurumo, na ubao ukaanza kutetemeka mikononi mwangu, na ncha yake ya mbali, ilokwisha kupita bledi, naiona yainuka kutoka mezani. Kidogo. Unene wa shilingi.

Hapa nawasimamisha kidogo, maana nusu yenu mwaniuliza inboksi ubao unarukaje na msumeno ndio unaokata. Bledi yazunguka. Meno ya upande wako yashuka, yakandamiza ubao kwenye meza, hayo hayana neno. Meno ya upande wa nyuma yapanda. Sasa mwarobaini ukiwa mbichi, ukiupasua tu una mambo yake, wajikunja, ule ufa uliokwisha kupasuka wajifunga wabana bledi kwa nyuma, na kama reli nayo huko nyuma imeingia ndani kwa milimita chache tu, ubao umenaswa pande zote mbili. Meno yanayopanda yaunyanyua, yaupitisha juu ya bledi, yakurudishia wewe uliyesimama hapo na kifua chako. Bledi ya inchi 10 ikizunguka mara 4,500 kwa dakika, ukingo wake wapita kilomita 200 kwa saa. Madaraka Express yenyewe mwendo wake wa mwisho ni 120. Na kile kichuma cha urembo kilichoko droo kazi yake ni moja tu, kusimama ndani ya ule ufa nyuma ya bledi usijifunge.

Haya, turudi. Ncha imeinuka unene wa shilingi. Mie nimeshika. Na sekunde ile ile nikasikia mlangoni, "Hodi, fundi!" Sauti ya kike, ya heshima. Mama mmoja wa Bamburi, alikuwa ameahidi kuja kuulizia kabati la vyombo. Na mie, mtoto wa watu niliyelelewa, hodi yaitikiwa, nikageuza kiuno nusu kushoto kusema karibu.

Sikufika "ka".

Ulikuwa mlio mmoja, pwa! Mikono yangu bado imekaa vile vile kama nimeshika ubao, vidole nimevikunja, lakini ubao haupo. Nikaviangalia vidole kwanza, nikavihesabu, vyote kumi, alhamdulillahi. Kisha nikahisi upepo. Siku nzima hakuna upepo, sasa huu umetoka wapi, na mbona wapita huku? Nikateremsha macho polepole. Midomo. Midomo myekundu mingi yaniangalia.

Ubao ulipita baina ya mkono wangu na nyonga, ncha yake ilikuwa imechanika ina vibanzi, vibanzi vikashika kikoi, kikoi hakina mshipi, vikaondoka pamoja kama maharusi. Vikapita kando ya yule mama (hakuguswa, wallahi nilimuuliza mara nyingi), vikavuka uchochoro, vikatua juu ya meza ya dhumna, kete zikamwagika chini zote.

Kimya. Yaani si kimya, mashine yanguruma bado, na hapo ndipo pabaya zaidi ya vyote. Maana swichi ya mashine hii iko mbele, chini, usawa wa goti. Bledi yazunguka wazi, siwezi kuiacha nikakimbia. Kuizima ni lazima niiname. Mashine imeangalia ukuta. Mie nimeupa mlango mgongo. Fanyeni hesabu wenyewe ni nini kitaonekana na mama wa Bamburi, na wazee wanne, na bi mkubwa, na, kwa sababu Mungu akiamua ameamua, watoto wa chuoni, wa madrasa, waliokuwa wakitoka saa hiyo hiyo na mikoba yao.

Nikainama. Sikuinama haraka, kwa sababu mguu wa kulia ulikuwa umeanza kufa ganzi ubao ulipougusa, nikateremka kwa vituo, kituo cha kwanza, kituo cha pili, nashika meza, napapasa, mkono wa kwanza ukagusa kifundo cha kubadilishia kimo cha bledi, si swichi, nikapapasa tena. Nyuma yangu kitoto kimoja kikaanza kuhesabu midomo kwa sauti. Kikafika saba. Mwalimu wao akakifumba mdomo.

Bledi ikazimika. Ile ya kuzimika nayo huchukua muda, yazunguka yapoa, hiiiiii, sote twangoja, hakuna anayesema neno. Bledi iliposimama kabisa ndipo nikamsikia ami. Alikuwa amekitoa kikoi kwenye ubao akakiweka pembeni hata hakukiangalia, ameushika ubao wenyewe, ameunusa, amepiga kucha, akawaambia wenzake, "Mbichi hii. Mwarobaini gani wapasuliwa mbichi?" Wazee wakakubaliana naye. Wakaanza kubishana mwarobaini ungojwe kwa muda gani kabla kupasuliwa. Mie nimesimama pale na midomo yangu.

Aliyeniokoa ni bi mkubwa wa viazi. Alivuka na leso yake, macho ameyaelekeza juu kwenye bati, akanirushia, "Jisitiri mwanangu, jisitiri, hayo mengine utashtaki baadaye." Nikajifunga leso inayonukia viazi na pilipili, na nikamgeukia mama wa Bamburi nikamwambia, "Karibu mama, kabati la aina gani?" Sijui nilipata wapi uso ule. Akasema atapiga simu. Akaondoka upesi upesi na mabega yamtikisika.

Ripota alikuja baada ya magharibi, hakuwepo, narudia, HAKUWEPO, hayo yote anayowasimulia aliyapata kwa watoto wa chuoni.

Mengine ni mafupi. Paja lina rangi ya zambarau, mke amelikanda kwa maji ya chumvi huku akicheka mpaka ikabidi akae chini. Kile kichuma kimetoka droo kimekaa mahali pake na kile kifuniko pia, na sasa naona bledi vizuri tu, nimepima reli mbele na nyuma nikaikuta nyuma ilikuwa imeingia ndani kweli, nimechonga kijiti cha kusukumia, nasimama kando ya njia ya ubao wala si nyuma yake, na mwarobaini nimeupanga kivulini na vijiti baina ya ubao na ubao, ami aja kuunusa kila siku. Suruali nimenunua Kongowea. Na kuna follower mmoja ameniletea video ya ile misumeno ya SawStop ya Marekani, jamaa asukuma soseji, bledi ikigusa tu yasimama papo hapo soseji imepata mkwaruzo tu. Nzuri sana, mashallah. Lakini ndugu yangu, ile huhisi nyama. Haihisi kikoi.

Mama wa Bamburi alipiga simu jana usiku. Kabati alitaka, milango minne, droo mbili chini, na bei hakubishana hata, nikaona rehema imeingia. Tukapanga Jumamosi niende kwake nikapime jikoni. Nikamwambia inshallah mama, saa nne nitakuwa hapo. Akanyamaza kidogo, nikasikia kama aziba simu kwa mkono, kisha akarudi kwa sauti nzito ya mtu anayejizuia, "Sawa fundi. Lakini tafadhali uje na suruali, Jumamosi mume wangu huwa nyumbani."